Wino wa Kuzikia

Watu wa Bunia hawakuja studio kwangu kutafuta uzuri. Walikuja kutafuta picha ya paspoti, picha ya kadi ya shule, picha ya bibi harusi akikata keki, na walizitaka kabla jenereta haijazimwa. Nilikuwa nawapa. Nilijaza mashine yangu ya kuchapisha wino wa chupa kutoka Kampala, wino usio na jina wala maelezo, nikachapisha mpaka vidole vyangu vikashika madoa ya zambarau yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Sikuwa na subira na mteja wa maswali mengi. Aliyeniuliza picha itadumu miaka mingapi nilimjibu kwamba ndoa yake ikidumu kuliko picha, arudi nimchapishie nyingine bure.

Lakini macho nilikuwa nayo. Nikialikwa kula sombe, majani ya muhogo, kwa watu, nilitazama ukuta kabla ya sahani. Picha zangu zilikuwa zinaumwa. Bwana harusi huyu alikuwa anageuka kijani shingoni, msimamizi wake ameanza kufutika kuanzia masikio. Mbaya zaidi zilikuwa zile nyeusi na nyeupe, na hizo kwetu ni za wafu. Mtu akiwa hai anapigwa picha ya rangi; akifariki, familia inaleta picha ileile na kuomba ichapishwe upya bila rangi, iwekwe mezani penye matanga, kisha ibaki sebuleni. Basi wafu wa Bunia, baada ya mwaka mmoja wa jua la dirishani na moshi wa makaa, walikuwa wanakuwa wekundu. Wenye nyumba walidhani ndivyo picha inavyozeeka. Mimi nilijua ni wino, ila sokoni hapakuwa na mwingine, na kusema kweli hakuna aliyenibana.

Aliyenibana ni mama mdogo wangu, mdogo wake mama aliyenizaa. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Djugu wakati wa vita, akapanga chumba si mbali na kwetu. Alifika Bunia bila mume, ambaye alifariki zamani kwa ugonjwa, na bila mwanawe wa kiume. Kijana huyo alikuwa ameaga njiani kwamba anarudi nyuma kutafuta ng'ombe wa baba yake waliobaki malishoni. Hakuna aliyemwona amekufa. Hakuna aliyemwona hai pia. Kwa jinsi yetu alikuwa mdogo wangu, tumelelewa sufuria moja, na ndiye mtu wa kwanza kunicheka nilipoanza, mimi msichana, kutembea na kamera shingoni. Nilimpenda, hata kama kwa maneno sikuwahi kumwambia zaidi ya kumtukana.

Katika ukoo wa baba yake, mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikwa kwa kitu chake: shati, viatu, fimbo ya kuchungia. Pasipo kitu cha kushusha shimoni hapana matanga. Na pasipo matanga, mama wa marehemu haketi chini mbele ya watu, halii kwa sauti, wala hatolewi kilioni akarudi kuishi na wenzake. Mama mdogo alikuwa amebaki hivyo, kasimama. Akiulizwa ana watoto wangapi, alikuwa anaanza kuhesabu halafu anaomba maji ya kunywa. Nyumba yao iliungua na vyote vilivyokuwamo. Kilichobaki ni kadi ya shule ya kijana, ambayo alikimbia nayo ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge, na kwenye kadi hiyo picha ndogo iliyopigwa muhuri mpaka kidevuni. Amani ilipoanza kurudi, amani ya kuchechemea, shemeji zake walikubali kwamba picha inatosha. Kadi yenyewe asingeweza kuitoa. Ndiyo maana alikuja kwangu.

"Niko nataka hii photo ikuwe kubwa," aliniambia. "Ikuwe noir et blanc, bila rangi. Hiyo njo tutamuzika nayo."

"Mama mudogo, kazi ya leo leo hii. Kuya magaribi, utachukua."

"Ngoja kwanza. Hii encre yako, hii wino, mu udongo itakamata?"

Nilicheka. "Mu udongo nani atakuwa anaiangalia?"

Yeye hakucheka. "Udongo ikimufuta juma ya kwanza, mi nitakuwa nimezika karatasi."

Nilichapisha ya kwanza palepale, ili tuyamalize. Nilikuwa nimeuondoa muhuri kidevuni kwa kompyuta, na uso ulitoka mzuri, wa kijivu laini, macho yametulia. Mama mdogo aliutazama. Kisha aliichukua ile picha mkononi mwangu, akaenda kwenye ndoo ya maji ya kunawia wateja, akaizamisha. Nilipiga kelele. Aliishikilia ndani ya maji, na alipoitoa, mashavu ya mdogo wangu yalikuwa yanatiririka, waridi upande huu, buluu upande ule, na matone ya njano yakidondoka sakafuni.

"Hii yote ilikuwa mu uso yake?" aliuliza.

Ilikuwamo. Hicho ndicho kitu ambacho wateja hawakujua, nami sikuona haja ya kuwaeleza. Wino wa kawaida ni maji yaliyotiwa rangi. Unanywewa na karatasi, na maji yakirudi unatoka nayo. Tena mashine ikiambiwa ichapishe kijivu, kijivu haina. Inachanganya buluu na nyekundu na njano kidogo kidogo, mpaka jicho likubali. Siku rangi moja inapochoka kabla ya wenzake, uongo unajulikana, na marehemu anaanza kuwa mwekundu ukutani.

Nilimpigia simu mwenzangu wa Ariwara, mwanamke mpiga picha aliyezoea kuvuka mpaka kwenda Arua na kurudi kama mtu anavyokwenda kisimani. Alinisikiliza, akasema ninachotafuta ni wino wa chembe. Huo hauyeyuki, ni unga uliosagwa laini kabisa, unaelea ndani ya maji, na maji yakishakauka unga unabaki umeng'ang'ania karatasi. Lakini hata huo, alinionya, ukiwa wa rangi utachanganywa kutengeneza kijivu, na siku moja utasaliti. Wa kuaminika ni ule wa kaboni tupu. Nyeusi yenyewe, nyeusi iliyopunguzwa, na nyeusi iliyopunguzwa tena mpaka ikawa moshi. Hakuna rangi nyingine ndani yake ya kukimbia.

"Kaboni ni nini?" mama mdogo aliuliza nilipokata simu.

"Ni masizi."

Hapo ndipo uso wake ulilegea kidogo. Masizi anayajua. Kuna sufuria aliyokuwa anaisugua kwa mchanga tangu afike Bunia, na tako lake lilikuwa bado jeusi. "Masizi, sawa," alisema. "Tafuta ya masizi."

Chupa zilikuja na lori baada ya kusubiriwa sana, zimefungwa kwa gazeti na mpira. Nilikuwa na mashine ya pili, kuukuu, nikaamua iwe ya masizi peke yake. Nisiongope kwamba ilikuwa kazi ya furaha. Niliisafisha rangi za zamani mpaka nikachoka, na hata hivyo waridi iliendelea kuvuja pembeni. Kisha nikagundua tabia ya wino wa chembe: usipotumika kila siku unakauka kwenye vitundu vya kichwa cha mashine na kuviziba. Umeme wa Bunia tunaujua. Nililazimika kuwasha jenereta kila siku, hata Jumapili baada ya misa, nichapishe angalau uso mmoja ili vitundu visizibe. Niliitukana mashine ile kwa Kiswahili, Kifaransa na Kilingala, na nilipoishiwa nikarudia.

Na uso niliokuwa nachapisha kila siku ulikuwa wake. Sikuwa na mwingine uliopangwa tayari kwa kazi hiyo. Mdogo wangu alitoka kwenye mashine siku baada ya siku, kwanza nywele, halafu paji, halafu macho, kama mtu anayeteremka ngazi. Nilianza kuona vitu ambavyo nilipoishi naye sikuviona. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo. Kola ya shati ilikuwa ya mtu mwingine, ameiazima kwa ajili ya picha. Siku moja nilizima jenereta nikakaa na ile karatasi mapajani, nikalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimejua kijivu cha shavu lake kinahitaji matone mangapi ya wino mwepesi, na sikujua amelala wapi.

Mama mdogo hakutaka kuniamini kwa maneno. Ndoo nayo haikumtosha tena, alitaka udongo. Basi nilichapisha vipande vitatu, kila kimoja upana wa kiganja, uso uleule, kwenye karatasi ileile nzito ya picha. Kimoja kwa wino wa kawaida, kimoja kwa wino wa chembe za rangi ambao mwenzangu wa Ariwara aliongezea ndani ya mzigo, kimoja kwa masizi. Nilimwambia ukweli: wino hata ukishika, karatasi yenyewe udongo utaila siku fulani. Alisema hilo analijua, hata mwili udongo unaula. Lakini unaanza na nyama, jina unaliacha. Nilipotaka kuvifunga kwa nailoni alikataa.

"Mutu haizikwe mu sachet," alisema.

Alipasua kitenge cha zamani, akavifunga kimoja kimoja, na tukavifukia nyuma ya jiko langu mchana kweupe, kila kimoja na jiwe lake juu. Mvua zilikuwa zimeanza. Nilifurahi, nikafikiri udongo utafanya kazi yake haraka na mambo yataisha.

Nilichosahau ni mji niliomo. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini sisi bado tulikuwa tunalala na viatu karibu na mlango. Mlango wa jirani ukijibamiza kwa upepo, avenue nzima, mtaa wote, ilikaa kimya kusikiliza kama kuna mlio wa pili. Magari meupe ya walinda amani yalipita na kurudi, na redio kila asubuhi iliwaomba wenye silaha wazirudishe. Wengi walirudisha. Wengine, kila mtu alijua, walifunga zao vizuri kwa kitambaa wakazifukia ndani ya parseli, viwanja vya nyumba zao. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na tabia ya kutazama udongo mbichi wa mwenziwe. Jirani yangu, mzee aliyekuwa anauza vipuri vya pikipiki, hakuwa wa upande wetu wakati wa vita. Ua wa matete uliotutenga ulikuwa na nafasi za kutosha kuona wanawake wawili wakizika vifurushi.

Walikuja asubuhi moja baada ya mvua ndefu: mkuu wa mtaa tunayemwita chef wa avenue, polisi wawili wenye bunduki, na jirani nyuma yao akiwa na beleshi lake mwenyewe. Mama mdogo alikuwa jikoni kwangu anamenya muhogo.

"Mama Studio, tumekuya na heshima," alisema chef. "Batu wanasema iko kitu umezika huku nyuma."

Nilikuwa sijanywa chai. "Iko," nilisema. "Nimezika mudogo yangu."

Lilikuwa jibu la kweli na la kijinga. Polisi mmoja alirudi nyuma hatua moja, mwingine akashusha bunduki begani. Chef alinitazama, akatazama mawe matatu, na niliona anapima kama shimo la upana ule linaweza kuingia mtu. Nilianza kueleza habari za wino. Nilieleza vibaya, nikachanganya chembe na masizi na matanga, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini kwamba nina bunduki.

"Chimba," chef alimwambia jirani.

Mama mdogo alitoka jikoni mikono imelowa. Alielewa, akaja kusimama kando yangu.

Jiwe la kwanza lilikuwa la wino wa kawaida. Polisi alifungua kitenge kwa ncha ya kidole, akatoa karatasi iliyolowa, nyeupe yenye doa la waridi katikati. Aligeuza nyuma, akageuza mbele. "Hakuna kitu," alisema, akaitupa juu ya udongo. La pili lilitoa uso uliopasukapasuka, kidevu kimekwenda, jicho moja limekwenda. Polisi hakuitupa ile. Aliiweka chini polepole. La tatu jirani alilifungua mwenyewe. Matope yalikuwa yamepenya kitenge na kuifunika karatasi yote. Alipitisha kidole gumba juu yake, kwa nguvu, kama anayefuta kioo cha pikipiki, na mdogo wangu akatutazama. Nywele, paji, macho mawili, kola ya kuazima. Jirani aliangalia kidole chake. Kilikuwa na matope tu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mutoto yangu," mama mdogo alisema. "Alienda kutafuta ngombe."

Polisi aliweka bunduki yake begani tena. Jirani alivua kofia, akabaki ameshika kofia mkono huu na uso wa mdogo wangu mkono ule, hajui ampe nani. "Ya kwangu," alisema mwishowe, bila kumtazama mtu, "hata photo haikubakia." Ndipo nilipojua kwamba mtu niliyeishi naye ua kwa ua alikuwa na wake aliyepotea pia, na aibu ilinishika kwa jinsi nilivyokuwa nimemchukia tangu asubuhi.

Chef alikohoa. Aliamuru vitu vya mama virudishwe kama vilivyokuwa, na udongo usawazishwe. Polisi alinyoosha mkono achukue ile picha aifunge tena kwenye kitenge. Mama mdogo alimtangulia. Aliichukua, akaifuta kwa nguo aliyovaa, akaibana kifuani.

"Hapana. Huyu hapana."

"Mama mudogo," nilisema, "njo yenyewe hii. Njo encre ulikuwa unatafuta. Udongo imeshindwa. Imekamata!"

"Naona. Njo ile inanikataza." Alikuwa anaongea taratibu. "Ametoka. Siye wote tumemuona ametoka. Mi nitamurudisha namuna gani?"

Kazi yote ile, chupa za Ariwara, vitundu vilivyoziba, Jumapili zangu, vyote nilivifanya ili huyu mwanamke apate cha kuzika, na sasa kwa sababu nimefaulu hana. Angerudi chumbani kwake na picha nzuri, aendelee kusimama. Nilikasirika, nikamwambia waziwazi mbele ya wageni.

"Usipozika, weye hautakaa matanga. Utabakia hivi mpaka ufe."

Mama mdogo aliinama kwenye lundo la udongo, akaiokota ile karatasi ya kwanza, nyeupe, ambayo polisi aliitupa. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama yenye uso. Akaitikisa matope.

"Huyu udongo imemukamata," alisema. "Mi nilikuwa naomba udongo imuache. Mutu amekufa, udongo haimuache." Akanikabidhi ile ya masizi. "Huyu ni wa nyumba. Nifanyie yake kubwa. Ile ingine njo ya kuzika."

Tulizika kabla mvua hazijakwisha, kwenye shamba la shemeji zake nje kidogo ya mji, maana njia ya kurudi Djugu ilikuwa bado haiaminiki. Picha kubwa ya masizi ilikuwa mezani kwenye kitambaa cheupe, na watu waliofika waliisalimu kwanza. Karatasi tupu ilikuwa kwenye kitenge kipya, kitenge ndani ya sanduku alilolitengeneza fundi kwa mbao za mlango. Kabla ya kushusha, wazee wa ukoo waliomba kumwona, kama inavyofanywa. Nilisimama nikifikiri sasa tutafukuzwa. Mama mdogo alifungua kitenge mwenyewe.

Kaka mkubwa wa marehemu mume wake aliinama juu ya ule weupe. Alitazama, akamtazama mama mdogo, akatazama tena. Kisha alinyoosha mkono wake na kuupitisha polepole juu ya karatasi, kutoka juu kwenda chini, pale ambapo macho yangekuwa, kama unavyomfunga macho mtu aliyekata roho mbele yako. Akasema, "Mufunge." Walipoanza kurudisha udongo, mama mdogo aliketi chini, akanyoosha miguu, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.